Kupe wa Hayawahusu

Mrisho ndiye aliyempa jina,
ili akimwita jioni uchochoroni, Hayawahusu! Hayawahusu!
majirani wa Cheyo wanune bila pa kumshtaki.
Mimi sikutaka mbwa.
Nilichora mpaka kwa fagio kwenye kizingiti cha jiko,
naye akaujua mpaka ule kuliko mwenye nyumba.

Mwezi wa tatu tangu tumzike Mrisho
mbwa aliacha kubwekea treni ya Mpanda.
Kisha chakula: ugali wa muhogo na rojo la migebuka,
akaunusa, akanitazama kama mgeni
anayesema ameshiba kwa adabu tu.
Nikasema anamlilia bwana wake.
Mtaa mzima ukasema hivyo hivyo.
Huzuni ilikuwa jibu jepesi,
halikumtaka mtu ainame kutazama.

Siku ya nne, damu puani.
Tone moja, halafu uzi.
Nikavaa mifuko ya mkate mikononi
nikamgusa kwa mara ya kwanza katika miaka sita.

Walikuwepo nyuma ya sikio la kushoto,
kupe, wamenona kama mbegu za mbarika.
Katikati ya vidole vya miguu wengine, wembamba, bado wana njaa.
Nilihesabu hadi arobaini na mmoja, nikachoka.
Sikio la pili lilinuka togwa iliyochacha.
Chini ya mkia, punje za mchele zikitembea.
Fizi nyeupe, karatasi ya daftari.
Nyumba nzima imejaa wapangaji
na mwenyewe hana neno.

Ngassa wa mifugo, kijana wa Nzega, akaja na baiskeli.
Hakuuliza habari za msiba.
Anakunywa maji kiasi gani?
Mkojo una rangi gani?
Alianza lini kulala mchana?
Akitembea, anasimama wapi kupumzika?
Akavuta ngozi ya shingo, akaiachia,
tukaitazama wote ikirudi polepole.
Nilijibu nilichojua. Nilijua kidogo.
Homa ya kupe, akasema, imemla damu muda mrefu.
Huyu ni mvumilivu, mama, ndiyo maana umechelewa.

Mvumilivu.
Neno lile lilibaki kwenye stuli Ngassa alipoondoka.
Mrisho naye alikuwa akisimama kwenye nguzo ya umeme
akitoka msikitini, akisema anaangalia nyota.
Maji alikunywa kama anayezima moto;
nikasema joto la Oktoba.
Mkojo una rangi gani?
Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, sikumwuliza.

Vidonge vya njano, siku ishirini na nane, ndani ya tonge.
Anameza tonge, anatema kidonge,
ujanja wa bwana wake na kwinini.
Kupe nawang'oa kwa kibano cha nyusi nilichoolewa nacho,
nawatosa kwenye kopo la mafuta ya taa.
Ngassa kanikataza kuwaponda kwa kucha.
Kisha nanawa mara saba, moja kwa udongo,
kila jioni, hadi mikono imepasuka.
Ng'ambo ya ua Mama Tatu ananihesabia kwa sauti,
moja, mbili, akidhani ananikomoa.
Kumbe ananisaidia. Peke yangu hupotea kwenye nne.

Leo siku ya kumi na tisa.
Fizi zina wekundu kidogo,
au ni jua la saa kumi na mbili, sijui.
Jana treni ilipita, akainua kichwa, akakilaza.
Jioni hii, nikiwa na birika mkononi,
amekuja mwenyewe mpaka kizingitini,
kidevu upande wake, pua upande wangu,
sikio kaligeuza nje, tayari kukaguliwa.

Mikono yangu ilikuwa na maji ya mara ya pili.
Hayawahusu! nikamwita,
kwa sauti ya uchochoro mzima,
na ng'ambo ya ua hesabu ikakatika
kwenye tatu.